Bidoni zilizorudi tupu: shajara ya kupima maji mjini Goma

Siku ya 1

Kiangazi kimeshika. Mapipa ya mvua yamekauka, na mulongo (foleni) wa bidoni kwenye robine (bomba la maji) ya avenyu yetu umefika hadi kwa muuza makaa. Leo tumeanza rasmi. Tuko wanne: mimi ninayeshika hesabu, kijana mmoja wa ramani, na mama wawili wa hapa hapa ambao wanajua kila parseli (kiwanja cha nyumba) ina kaya ngapi na nani anateka maji kwa niaba ya nani. Swali letu ni moja: katika Goma, maji ya umma yanamfikia nani, nani anayakosa, na tofauti kati yao ni kubwa kiasi gani?

Kwamba tofauti ipo, hakuna asiyejua. Ila kujua kwa macho hakujamsaidia mtu. Ukienda ofisini ukasema "huku juu tunateseka", utajibiwa kwamba kila kartie (mtaa) inasema hivyo hivyo. Tunatafuta namba ambayo haijibiwi kirahisi.

Mgeni hushangaa: mji uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, iweje watu walilie maji? Jibu liko chini ya miguu. Goma imejengwa juu ya lava. Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, ulipasuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama pembezoni upande wa kaskazini, si mbali na uwanja wa ndege. Jiwe hilo lina matundu kama mkate. Mvua ikinyesha inazama papo hapo, hakuna mto unaokatiza mjini, na kuchimba kisima maana yake ni kupasua mwamba. Maji ya robine kwa hiyo yanatoka ziwani na kusukumwa kupanda. Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, uwanja wa ndege karibu mita 1,550. Kuipandisha mita moja ya ujazo, yaani bidoni 50 za lita 20, mita hizo 90, kunadai karibu robo ya kilowati-saa hata kabla ya kuhesabu upotevu wa pampu na wa mabomba yanayovuja. Umeme ukiyumba, wa juu ndio wanaokauka kwanza. Na mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme ukakatika, pampu zilinyamaza, watu wakashuka ziwani na bidoni zao mchana kweupe huku risasi zikisikika.

Mimi nimekulia Majengo, kartie ya hapa Goma. Nimeteka maji tangu nikiwa na bidoni ya lita tano. Nayaandika haya ili msomaji ajue kwamba sipimi jambo la watu wengine.

Siku ya 3

Kutwa nzima tumebishana juu ya neno "kupata".

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana ngazi yao. Juu kabisa ni maji yaliyo nyumbani, yanayotoka wakati wa haja na yasiyo na uchafu. Chini yake ni huduma ya msingi: chanzo kilicholindwa ambacho kwenda, kusubiri na kurudi hakuzidi dakika 30. Zikizidi 30, huduma inaitwa finyu. Halafu visima na chemchemi zisizolindwa, na mwisho kabisa maji ya ziwa au mto yanayotekwa hivyo hivyo. Ni ngazi nzuri, na tutaitumia. Lakini tazama inavyofanya kazi kwetu: mama anayekaa hatua mia moja kutoka kwenye robine lakini anapanga mulongo saa mbili, na mama wa huko juu anayetembea saa moja kwenda na saa moja kurudi akiwa na kilo 20 kichwani, wote wawili wanakaa kipande kimoja cha "huduma finyu". Ngazi inamtenganisha aliyepita dakika 30 na asiyepita. Kuanzia hapo na kuendelea inanyamaza.

Kijana wa ramani akaleta tatizo la pili. Mita ya maji ni ya parseli, si ya kaya. Parseli moja inaweza kuwa na mwenye nyumba mbele na wapangaji watano nyuma, na robine iko ndani ya ukuta wa mwenye nyumba, pengine na kufuli. Kwenye orodha ya wateja hapo pameandikwa mteja mmoja. Ukihesabu wateja, unahesabu wenye nyumba.

La tatu ni orodha ya watu wenyewe. Nchi yetu ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 1984. Hakuna daftari la kaya ambalo unaweza kuchovya mkono na kuchagua kwa bahati. Tumeamua kuhesabu mapaa kwenye ramani ya wazi ya intaneti, kuyapa namba, kuchagua namba kwa kura, kisha kwenda kwa miguu kuuliza chini ya paa hilo wanaishi kaya ngapi, na kupiga kura nyingine ya kaya. Ni kazi ndefu. Njia fupi ni kuuliza kaya zilizo kando ya barabara, na hao ndio waliopitiwa na bomba.

Siku ya 5

Tumechagua avenyu tatu: moja karibu na ziwa, moja ya katikati, moja ya juu kwenye mawe. Sitazitaja. Goma ina kartie 18 katika komine mbili, Goma na Karisimbi, na avenyu tatu hazisemei mji. Zinatufundisha kupima tu. Kaya 15 kila avenyu.

Kwa shefu wa avenyu ya juu tulipokelewa na viti na swali.

"Mkishapima, maji yatakuja?"

"Hapana, Papa shefu. Sisi hatuna bomba wala pampu. Tutakuletea namba za avenyu yako, na wewe utazipeleka unakotaka."

Alikaa kimya, kisha akasema: "Wa kabla yenu walisema yatakuja." Akaweka sahihi. Nimeiandika hapa kwa sababu ndiyo ahadi pekee tuliyotoa: namba zitarudi kwa wenyewe kabla hazijaenda kwa mwingine yeyote.

Siku ya 8

Siku ya saa. Nilidhani ndiyo sehemu nyepesi ya kazi.

Kwenye robine ya katikati, mulongo si wa watu. Ni wa bidoni. Za njano, za bluu, moja yenye kifuniko cha mfuko wa plastiki, moja iliyofungwa kitambaa chekundu ili mwenyewe aitambue. Bidoni nyingine imelala pale tangu jana jioni. Mwenyewe yuko sokoni, au nyumbani anapika, au mtoto yuko shuleni na jirani anaisogeza kwa mguu kila nafasi ikipatikana. Sasa kalamu ianze kuhesabu lini? Bidoni ilipowekwa, au mwenyewe aliposimama?

Ukihesabu bidoni, unapata saa kumi na mbili na unaonekana muongo. Ukihesabu kusimama tu, unapoteza jambo la kweli: yule mama hakwenda mbali. Aliuza nyanya za jirani badala ya kwenda soko kubwa, kwa sababu alitakiwa awe karibu robine itakapoanza kukohoa. Ndivyo wanavyosema: robine "inakohoa", inatoa hewa kwanza, na sauti hiyo inaposikika watu wanatoka mbio.

Mama mmoja alinieleza vizuri kuliko kitabu: "Mwanangu, kuna kungoja kwa miguu na kungoja kwa roho. Kwa miguu ni kidogo. Kwa roho ni siku nzima."

Tumeweka safu tatu kwenye daftari. Kutembea, kwenda na kurudi. Kusimama kwenye mulongo. Na "kufungwa", yaani muda ambao mtu hakusimama pale lakini hakuweza kwenda mahali kwa sababu ya maji. Mbili za kwanza tunazipima kwa saa ya mkono, ya tatu kwa kumuuliza mtu mwenyewe jioni ile ile. Katika hesabu kuu tutatumia mbili za kwanza, ili asiwepo wa kutuambia tumepandisha namba kwa hisia. Ya tatu tutaiweka kando yake, ionekane.

Siku ya 11

Juu hakukutoka maji. Katikati yalitoka kwa saa moja na nusu, usiku wa manane. Chini yalitoka kama kawaida.

Siku kama hii inafaa kuandikwa kwa wino mzito. Kusini mwa Kivu, katika mji wa Uvira, watafiti walilinganisha siku za mtambo wa maji kusimama na wagonjwa walioingia kituo cha kipindupindu kati ya 2009 na 2014. Baada ya siku moja bila maji ya bomba, waliolazwa kwa kushukiwa kipindupindu katika siku 12 zilizofuata walizidi mara mbili na nusu ya wale wa nyakati ambazo maji yalitoka vizuri. Siku moja tu. Kwa hiyo wastani wa mwezi haututoshi. Tarehe kamili za ukavu ni lazima ziwe daftarini.

Goma haihitaji kufundishwa kipindupindu. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuhara na kipindupindu, kando ya ziwa lililojaa maji. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazazi tunaowahoji, na wakiona maji ya ziwa kwenye bidoni wanatazama kwanza kama yametiwa dawa.

Jioni nilishuka hadi Kituku, ukingoni mwa ziwa, ambako vijana wa kujitolea hutia klorini kwenye bidoni kwa bomba la sindano, moja moja, bure. Maji ya Kivu yana chumvichumvi, pH yake ni karibu 9, na klorini kwenye maji ya namna hiyo hufanya kazi polepole. Nusu saa ya kusubiri kabla ya kunywa isifupishwe. Niliona mtoto akinywa akiwa bado njiani kupanda. Nikamwambia. Akaniambia ana kiu.

Siku ya 15

Madaftari ya wiki ya kwanza yamerudi, nimeyaingiza yote. Nikapanga lita kwa mtu kwa siku, kuanzia kaya ya chini hadi ya juu, nikachora mkunjo wa Lorenz, mchoro unaoonyesha maji yamegawanyika vipi kati ya kaya: wote wakiwa sawa, unakuwa mstari ulionyooka. Nikautazama muda mrefu.

Ukitoa zile kaya chache zenye robine ndani ya nyumba, mkunjo unakaribia kuwa mstari ulionyooka. Yaani avenyu ya chini na avenyu ya juu zinatumia karibu kiasi kile kile cha maji. Mtu akiipokea karatasi hii bila kufika kwetu, atasema hakuna tofauti ya kuhangaikia.

Nililala na jambo hilo. Alfajiri nikakumbuka kazi ya Gilbert White, David Bradley na Anne White, waliopima matumizi ya maji Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1972. Kutokana na kazi hiyo na zilizofuata, imejulikana hivi: robine ikiwa uani, matumizi yanapanda juu, chanzo kikiwa nje, kati ya dakika tano hivi na dakika 30 za safari, watu hutumia karibu kiasi kile kile, iwe karibu iwe mbali. Matumizi huanza kupungua tena safari inapozidi nusu saa. Sababu yake anaijua kila aliyewahi kubeba. Chini ya kiasi fulani hakuna pa kukata: maji ya kunywa, ya fufu, ya maharage, ya kumwogesha mtoto. Na juu ya kiasi fulani shingo inakataa. Kwa hiyo lita hazisogei. Kinachosogea ni gharama ya kuzifikisha nyumbani, na gharama hiyo hailipwi kwa lita, inalipwa kwa saa.

Siku ya 16

Ili wenzangu wasio wa hesabu waone, niliandika mfano ubaoni. Namba hizi nimezibuni kwa kufundishia, si za avenyu yoyote.

Chukua kaya tano. Lita kwa mtu kwa siku: 14, 15, 16, 17, 18. Kigezo cha Gini, alichokitoa Corrado Gini mwaka 1912, kinakwenda kutoka 0, ambapo wote wako sawa, hadi karibu na 1, ambapo mmoja amechukua vyote. Unazipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa, unazidisha kila moja kwa nafasi yake: 14 mara 1, 15 mara 2, 16 mara 3, 17 mara 4, 18 mara 5. Jumla 250. Unaizidisha mara mbili, 500. Unagawa kwa idadi ya kaya mara jumla ya lita, yaani 5 mara 80, ambayo ni 400. Unapata 1.25. Toa 6 kwa 5 (idadi ya kaya ukiongeza moja, gawa kwa idadi ya kaya), yaani 1.2. Jibu 0.05. Karibu usawa kamili.

Kaya hizo hizo tano, sasa pima dakika zinazotumika kwa bidoni moja: 5, 20, 45, 80, 150. Hesabu ile ile: 5, 40, 135, 320, 750, jumla 1,250. Mara mbili ni 2,500, gawa kwa 5 mara 300, unapata 1.67, toa 1.2. Jibu 0.47.

Kaya zile zile, wiki ile ile, maji yale yale. Mama mmoja kati ya wenzetu alitazama ubao akasema, "Basi tulikuwa tunapima ndoo, hatupimi mama." Tangu leo kipimo chetu kikuu ni dakika kwa lita. Lita zinabaki, lakini kama shahidi wa pili.

Siku ya 19

Bei, kwa kifupi. Kwenye robine ya umma bidoni ina bei moja kwa wote, na watu wanaiona ya haki. Ikipakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, kupandishwa juu, bei inapanda na kila mteremko ambao kijana anausukuma, na siku ya ukavu inapanda zaidi. Anayelipa kidogo kwa lita ni yule mwenye bomba ndani. Anayelipa zaidi ni mpangaji wa juu ambaye hana mtu wa kumtuma. Sitaki kuwalaumu wenye chukudu. Nimejaribu kusukuma moja yenye bidoni kumi, yaani lita 200, juu ya yale mawe, na sikufika hata nusu ya njia.

Tumeongeza safu: nani alibeba. Umri, mke au mume. Sina la kusema zaidi leo. Safu yenyewe imeanza kusema. Majina yanayorudi ni ya wasichana walio darasani.

Siku ya 22

Leo maswali 12. Kuna kipimo kilichotolewa mwaka 2019 na kujaribiwa katika nchi nyingi, kinachouliza mambo yaliyoipata kaya katika wiki nne zilizopita: mlihangaika kwamba maji hayatatosha? Mlishindwa kufua? Mlibadilisha mipango ya siku? Mlibadilisha chakula? Mlishindwa kunawa mikono baada ya kazi chafu? Mlilala na kiu? Kila jibu linapewa 0 hadi 3, jumla inafika 36, na kaya yenye 12 au zaidi inahesabiwa kuwa haina uhakika wa maji.

Tulikaa muda mrefu kwenye swali la aibu. Kwa Kifaransa ni neno moja. Kwa Kiswahili chetu tulijaribu "mliona haya", tukajaribu "mlipata aibu", na kila mara watu walijibu haraka: hapana. Mtu anayekuambia haraka hivyo kwamba hana aibu amekwisha kukuambia. Basi mama mwenzetu akauliza kwa njia yake: "Mgeni alipofika, ulishindwa kumpa maji ya kunawa?"

Pale pale majibu yakabadilika. Mwanamke mmoja aliinua kitenge akajifuta uso. Alisema mama mkwe wake alitoka Masisi, akafika na vumbi miguuni, na ndani mlikuwa na kikombe kimoja cha kumwekea mtoto dawa. Alimwambia mkwe: subiri kidogo, Mama, wameenda kuteka. Hakuna aliyekuwa ameenda.

Sijui kama watunga kipimo wangekubali tulivyouliza. Tumeandika swali letu lote jinsi lilivyo, ili atakayelinganisha na mji mwingine ajue. Lakini katika mji huu maji ya mgeni ni heshima ya nyumba, na swali ambalo halifiki hapo linarudi na jibu la uongo.

Siku ya 26

Hili ndilo kosa letu kubwa, na ni langu.

Nilikuwa avenyu ya juu nikimsomea mama mmoja daftari lake, kama tunavyofanya kila mwisho wa wiki, ili asahihishe. Nikasoma: Jumatano, safari moja, bidoni moja, dakika 70.

"Jumatano nilikwenda mara tatu," akasema.

Nikatazama daftari la karatasi. Kweli, safari tatu, kwa mwandiko wa binti yake. Saa kumi alfajiri, saa moja asubuhi, na saa kumi jioni. Mbili za kwanza, sehemu ya lita: 0. Robine ilikuwa kavu, au ilikauka bidoni yake ikiwa ya nne. Alirudi nayo tupu.

Kwenye kompyuta safari hizo mbili hazikuwepo. Nilirudi nyumbani nikizitafuta hadi usiku, na niliyoyaona yalinikosesha usingizi. Kipimo chetu ni dakika kugawa kwa lita. Lita zikiwa 0, mgawanyo hauwezekani, programu inaacha nafasi wazi, na hatua inayofuata, ambayo niliiandika mimi mwenyewe, inafuta kila mstari wenye nafasi wazi. Kwa wiki tatu tumekuwa tukifuta, bila kelele, kila safari ambayo mtu alikwenda, akasimama, na kurudi mikono mitupu. Na safari hizo hazikutawanyika sawasawa. Karibu zote ni za juu. Tulikuwa tunawatoa kwenye hesabu wale wale ambao hesabu ilianzishwa kwa ajili yao.

Nimewaita wenzangu alfajiri, nikawaambia kabla sijarekebisha lolote.

Siku ya 27

Marekebisho. Hatugawi tena safari kwa safari. Kwa kila kaya tunajumlisha dakika zote za wiki, pamoja na zile za bidoni tupu, halafu tunagawa kwa lita zote za wiki. Safari tupu sasa inaongeza dakika bila kuongeza lita, kama inavyofanya kwenye maisha ya mtu.

Inabaki kaya ambayo wiki nzima haikupata hata lita moja ya robine, ikaishi kwa maji ya ziwa au ya chukudu. Hata jumla ya wiki haiwezi kuigawa. Hizo hatuzifichi ndani ya Gini. Tunaziandika peke yake, mstari wa kwanza wa ripoti, juu ya namba nyingine zote. Anayesoma Gini atakuwa amekwisha kuona ni kaya ngapi ambazo Gini haikuweza kuzibeba.

Siku ya 29

Hesabu mpya imekwisha. Pengo limepanuka, kama tulivyotarajia, na sitatoa namba hapa kabla ya wenyewe kuisikia.

Nimejaribu pia kipimo cha Theil, kwa sababu kinagawanyika vizuri: sehemu moja ni tofauti kati ya avenyu na avenyu, nyingine ni tofauti ndani ya avenyu. Nilitegemea mlima uamue kila kitu: juu ni shida, chini ni nafuu. Kati ya avenyu, kweli, mlima umeamua. Lakini sehemu ya ndani haikuwa ndogo, hata kule chini karibu na ziwa. Nilipozifuata kaya hizo moja moja nikakuta ni wapangaji wa nyuma ya ukuta. Robine iko mita kumi kutoka mlangoni kwao, na wanateka kwenye ya umma, kwa sababu ya kufuli. Kwenye ramani yoyote ya mabomba wangepakwa rangi ya waliofikiwa.

Kifungu cha 48 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Hakisemi haki hiyo inaishia kwenye ukuta wa mwenye parseli. Atakayepanga kuongeza mabomba peke yake atawafikia wa juu, na hiyo ni kazi ya lazima, lakini hawa wa nyuma ya ukuta bomba limekwisha kuwapita.

Siku ya 33

Tumesoma matokeo ya avenyu ya juu, uani kwa shefu, chini ya turubai. Kila kaya ilikuja na namba ya daftari lake, hatukutaja jina la mtu. Tulisoma kwanza kaya zilizokosa kabisa. Halafu saa za wiki, kaya kwa kaya, kutoka ndogo hadi kubwa, taratibu, kwa sababu watu walikuwa wanahesabu kwa vidole.

Tulipofika kwenye namba ya mwisho, papa mmoja aliyekaa nyuma alikitazama kikaratasi mkononi mwake. Akasimama.

"Saa hizo ni za nyumba yangu?"

"Ndiyo, Papa."

"Za wiki moja?"

"Wiki moja. Na hizi hapa ni safari zilizorudi tupu."

Akaomba aone. Mkewe hakusema kitu. Alikuwa anatazama chini. Binti yao, yule mwenye mwandiko, alisogea akamwonyesha baba yake mistari, mmoja mmoja, kwa kidole: hii alfajiri, hii kabla ya shule, hii baada ya shule. Papa aliuliza tarehe moja, akanyamaza. Ilikuwa siku ya mtihani.

Papa shefu ameomba nakala mbili, moja ya komine, moja ya kubandika kwenye ukuta wa robine. Madaftari ya msimu wa mvua yako kwa mchapaji. Safu ya "tupu" tumeihamishia upande wa kushoto, mbele ya safu ya lita.